Pijo ya Afande na Oili Yake

Habari ya kifo cha Afande ilinikuta Jinja mjini, barabara kuu, nimesimama mbele ya duka la vipuri nikibishana na mwenye duka juu ya kopo la oili. Simu ikalia. Alikuwa fundi mmoja wa Mbale, mtu asiyenipigia kama hana neno. "Mzee wangu, Afande ametutoka," akasema, nami nikamsikia analia. Mwenye duka alinitazama usoni, akaliweka kopo chini taratibu, ubishi ukaishia hapo. Nyinyi mnaosoma safu hii mnajua kwamba mimi si mtu wa kukosa la kusema, wengine mmeniambia hata usoni kwamba nimezidi. Siku ile nilikosa. Nilikaa kwenye ngazi za duka, nikasema, "Mungu ampokee," na baada ya hapo sikumbuki tuliagana vipi.

Jina lake sitalitaja, maana safu hii haina desturi hiyo na yeye mwenyewe angenikaripia. Bugembe nzima, hapa kando ya Jinja, ilimjua kwa cheo tu. Alikuwa askari magereza mpaka alipostaafu, Mgisu wa Busiu, huko upande wa Mbale, kwa kuzaliwa na mtu wa Bugembe kwa kukaa, mrefu, mwenye sauti ya amri hata anapoomba apewe chumvi. Alimwoa Msoga, na kwa kuwa mume hakukijua Kisoga vizuri na mke hakutaka kusumbuliwa na Kigisu, lugha ya nyumba ikawa Kiswahili. Hatukuwa marafiki wa kulala nyumba moja. Tulikutana Jumapili alasiri kwenye gereji moja hapa Jinja, sisi wazee wenye magari ya kale ambayo wake zetu wameshatuomba mara nyingi tuyauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kazi yetu pale ni kubishana, na ubishi wetu mkubwa, uliotutenga na kutupatanisha mara nyingi kuliko siasa, ni ubishi wa oili.

Moyo ndio uliomwondoa, baada ya kuugua kidogo. Kabla ya kwenda alimwachia mkewe wasia wa mambo mawili: azikwe Busiu kwa baba zake, na afikishwe huko ndani ya gari lake la kale, Pijo yake, usukani ukiwa mkononi mwa yule yule fundi wa Mbale. La kwanza halikuwa na mpinzani. La pili lilitaka kuvunja matanga, na ili mwelewe kwa nini, lazima kwanza niwaeleze habari ya Pijo, ya fundi, na ya oili. Nivumilieni.

Pijo ile ni ya aina ndefu, yenye safu tatu za viti, aina ambayo zamani ndiyo iliyobeba abiria kati ya Kampala na Mbale, na mtu aliyeshuka kutoka ndani yake alitembea kwa maringo. Afande aliinunua ikiwa imeshachoka, akaipaka rangi ya maziwa, akaiinua kidogo kwa ajili ya mashimo yetu. Injini yake ya asili ilipokufa kabisa, akatafuta injini ya Kijapani kutoka kwenye gari dogo la siku hizi lililopata ajali, ikapandikizwa humo. Kwa nje gari likabaki babu, kwa ndani likawa kijana wa sekondari. Aliyefanya kazi hiyo ni fundi wa Mbale. Na fundi huyu, nasema wazi kwa kuwa yeye mwenyewe hafichi, Afande alianza kumjua akiwa amevaa nguo za manjano za wafungwa. Alifungwa kwa wizi wa magari. Alijifunza ufundi katika karakana ya gereza, na msimamizi wa karakana alikuwa Afande.

Alipotoka, hakuna aliyempa hata baiskeli aitie upepo. Afande akampa Pijo nzima pamoja na funguo. Sisi wa gereji ya Jinja tulicheka mpaka tukashika mbavu. "Afande," mmoja wetu alimwambia, dereva wa lori mstaafu, "umemwachia fisi bucha." Afande hakukasirika. Alijibu kwa kile Kiswahili chake cha kambi, ambacho hakikujali ngeli wala mwalimu wa ngeli: "Nyinyi nasoma faili. Mimi nasoma mtu." Tukamwambia haya, tutaona.

Na tukaona, au tulidhani tumeona. Injini ilipokaa mahali pake likaja swali la oili, na kwetu hapa swali hilo likija kila mtu hugeuka daktari. Tuna imani yetu: gari la kale linywe oili nzito. Injini ikigonga, ongeza uzito. Ikitoa moshi, ongeza uzito. Ukigombana na mama watoto, nadhani kuna watakaokuambia uongeze uzito. Fundi naye alikuwa na imani hiyo hiyo, tena kwake kulikuwa na heshima ndani yake. Kumtilia mkubwa wake oili nyepesi aliona ni kama kumpa mgeni uji wa maji matupu. Basi akachagua ile nzito kuliko zote zilizokuwa Mbale, akaijaza, na Afande akaondoka nayo kwenda kulala Busiu kwa furaha.

Asubuhi akawasha. Mnaolijua eneo lile mnajua baridi inayoshuka kutoka mlimani alfajiri. Pijo ikaanza kugonga, ka-ka-ka-ka, sauti ya mtu anayepiga bati kwa nyundo ndogo, na alipoingia Jinja mchana gari lilikuwa zito, halina nguvu, na kila likilala na kuamka linagonga tena. Wenzangu walitoa hukumu kabla hata hawajafungua boneti. Mwizi ametoa vyuma vizuri vya ndani, ameweka vibovu! Dereva wa lori akasema apelekwe polisi kabla hajatoroka. Wakati huo huo, lo, wakashauri iongezwe oili nzito zaidi ili ile sauti ya kugonga inyamaze. Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Neno moja la Afande kituoni lingetosha kumrudisha yule mtu kwenye nguo za manjano, maana nani angemsikiliza mwizi wa zamani akibishana na afande? Afande alitusikiliza wote, akafunga boneti, akasema anakwenda Mbale kuuliza.

Nilikwenda naye. Nilijiambia nakwenda kumsindikiza mwenzangu, lakini ukweli ni kwamba sipendi kusimuliwa jambo ambalo ningeweza kuliona. Fundi aliisikia Pijo kabla hajaiona. Alitoka gerejini mikono imelowa grisi, uso umemwisha damu, akasimama mbele ya gari.

"Afande, mimi sikuiba kitu," akasema. "Haki ya Mungu. Fungua injini yote, hesabu vyuma vyako."

"Nani alisema umeiba?" Afande akamuuliza. "Mimi nakuja uliza habari ya oili. Hii injini ilitoka gari gani?"

"Ile ya Kijapani, ndogo."

"Huko kwao ilikunywa oili gani?"

Fundi akafikiri. "Nyepesi, Afande."

"Sasa hapa kwangu unapatia nzito kwa sababu gani?"

"Kwa sababu gari ni ya zamani."

Afande akacheka kicheko kilichowatoa mafundi wengine nje. "Gari ni ya zamani, sawa. Lakini injini hajui kama iko ndani ya gari ya zamani!"

Wakaanza kazi pamoja, nami nikapewa kigoda na soda na amri ya kunyamaza. Sasa nawapa bure niliyoyapata pale, nyinyi wenye magari ya kale yaliyobadilishwa matumbo. Injini za siku hizi zina njia nyembamba za oili, na oili nzito asubuhi ya baridi huchelewa kupanda mpaka juu kwenye valvu, kwa hiyo kwa muda ule chuma kinasuguana na chuma kikiwa kikavu. Hapo ndipo kelele inapotoka. Lakini usikimbilie pia ile nyepesi kama maji, kwa sababu Pijo ni mwili mkubwa, hubeba mizigo na shemeji, na jua la mchana hulegeza oili yoyote. Waliounda injini ile waliruhusu uzito wa namna mbili tatu. Wawili wale wakachagua ule wa juu kidogo kati ya hizo, wakamwaga ya zamani yote, wakabadilisha na chujio, wakajaza mpaka alama ya kijiti cha kupimia na wala si tone zaidi. Gari likaachwa nje lilale kwenye baridi makusudi. Alfajiri Afande akainama, akatega sikio, fundi akawasha. Injini ilikohoa mara moja kisha ikatulia, ikabaki kunong'ona. Afande akasimama wima, akabana visigino, akampigia fundi saluti. Yule mtu hakujua aweke wapi mikono yake.

Nimeifikiria sana saluti ile. Mimi ni mjukuu wa askari walioletwa kutoka Sudan, Mnubi wa Bugembe, na Kiswahili nimekinyonya. Kila mwaka hakosi mtu wa kuniuliza kwa nini naandika kwa lugha hii katika nchi hii, lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani, lugha ya "lala chini" na "toa kitambulisho." Siwalaumu. Kuna waliovunjiwa mlango kwa Kiswahili, na jeraha hilo halifutwi na safu ya gazeti. Lakini sokoni Jinja leo nasikia mama wa Kigisu na mteja wa Kisoga wakipatana bei ya vitunguu kwa Kiswahili huku wanacheka, na katika nyumba ya Afande watu wawili walitongozana, wakagombana, wakalea watoto kwa Kiswahili hicho hicho. Mwili ni ule ule. Kilichomo ndani kimebadilishwa, na waliokibadilisha ni watu wa kawaida. Hata mji wetu uko hivyo. Mgeni hutazama majumba ya zamani ya barabara kuu, rangi imebanduka, akasema Jinja ilikufa. Angeingia ndani angekuta cherehani zinakwenda, kompyuta, saluni, na kelele za biashara mpaka akatamani kutoka.

Turudi matangani. Bugembe kulikuwa na hema, wanawake wamevaa gomesi, sufuria zinachemka nyuma ya nyumba. Kwetu mtu haendi kwenye msiba mikono mitupu: huyu sukari, yule mkungu wa ndizi, mwingine kuni. Sisi wa gereji, kila mtu bila kushauriana na mwenzake, tulileta oili. Yarabi, mngeyaona yale makopo yamepangwa kando ya magunia ya sukari, kila moja na uzito ambao mwenyewe aliuapia, kwa ajili ya safari ya mwisho ya Afande! La kwangu lilikuwa la oili nzito, lile lile nililolibishania siku ya simu. Imani ni imani. Tukaanza kubishana kwa kunong'ona, kwa heshima ya marehemu, mpaka mama mmoja akatufukuza kwenye kivuli cha hema.

Ndipo akafika kaka mkubwa wa marehemu kutoka Busiu, mzee mwenye fimbo na kofia ya kanisani. Alimkuta fundi anapangusa vioo vya Pijo, viti vya nyuma vimeshatolewa ili jeneza likae. Akauliza huyu ni nani. Akaambiwa. Akauliza tena, kana kwamba masikio yamemdanganya.

"Mwizi wa magari ndiye atapeleka ndugu yangu kaburini?" akasema kwa sauti, watu wote wakageuka. "Busiu nitawaambia nini? Hapana. Nimekodi gari ingine, iko njiani inakuja."

Fundi alikikunja kile kitambaa cha kupangusia, akaja mpaka kwenye meza, akaweka funguo mbele ya mjane. "Mzee ana haki," akasema. "Mimi nitafuata nyuma na boda." Nilimwona macho yamejaa, na nasema kweli niliumia. Mtu yule alikuwa akiondolewa mbele za watu kitu pekee alichoachiwa na marehemu.

Mjane alikuwa amekaa mkekani tangu asubuhi. Akainua kichwa. "Shemeji," akasema, "kama shida ni mtu kukaa gerezani, basi ndugu yako ndiye alikaa sana kuliko huyu. Huyu alitoka, mume wangu akabaki mpaka uzeeni." Kicheko kikaponyoka hemani, kile kicheko cha msibani ambacho watu hukifunika kwa leso. Hata mzee mdomo ulimcheza. Mjane hakucheka. Akachukua funguo, akanyoosha mkono kwa fundi. "Washa."

Fundi akawasha. Sote tulisimama tukitega sikio, wazee wa oili mbele kabisa.

"Shemeji, unasikia nini?" mjane akauliza.

Mzee akainamisha kichwa. "Sisikii kitu."

"Miaka yote mume wangu alikuwa salama katika mikono hiyo, akaenda Busiu, akarudi. Alimjua. Mimi nataka aende kama alivyosema."

Mzee akagonga fimbo yake chini. Halafu akasema, "Basi mimi nitakaa mbele, kando yake." Ilikuwa wazi kwamba anakaa pale kumchunga mwizi. Lakini alikubali. Lile gari la kukodi lilipofika, likabeba wapishi na sufuria.

Kabla ya kuondoka tukamfuata fundi na makopo yetu, tukimsihi aongeze angalau kidogo, njia ni ndefu, jua kali. Alichomoa kijiti, akakipangusa, akakichovya tena, akatuonyesha. Oili ilikuwa kwenye alama, safi. "Wazee wangu, asanteni sana," akasema. "Afande ameshakunywa ya kumtosha." Nikarudisha kopo langu kwenye buti ya gari langu.

Nilikuwa nyuma yao njia nzima. Tulipita Iganga, tukaingia barabara ya Tirinyi, mashamba ya mpunga pande zote, na kupitia kioo cha nyuma cha Pijo niliviona vichwa viwili juu ya jeneza: kimoja kimetulia, kingine kimekakamaa kama mlingoti. Kwa mwendo mrefu vichwa havikugeukiana. Mahali fulani baada ya madaraja ya mabwawani kile kichwa kigumu kikageuka kidogo. Baadaye nikaona mkono unaonyesha kitu shambani, kisha kichwa cha fundi kikaitikia. Tulipoingia Mbale, majabali ya Wanale yamesimama mbele yetu, mafundi wa gereji zote za karibu na mnara wa saa walikuwa wamejipanga kando ya barabara, kofia mkononi, mikono myeusi kwa grisi. Pijo ikapita mbele yao polepole, haisikiki. Nililia pale, sioni haya kusema.

Busiu tulipokelewa kwa salamu nyingi za "mulembe" na machozi, na Afande akalazwa kwa baba zake jua likiwa bado juu. Watu walipoanza kula, nilimwona yule kaka mkubwa anaizunguka Pijo, anaigonga boneti kwa vidole. Fundi alikuwa anarudisha viti vya nyuma. Mzee akamkaribia, akakohoa.

"Mimi niko na pikapu pale nyuma," akasema. "Inagonga. Watu wote wananiambia niongeze oili nzito. Kesho uje uangalie, utaniambia yangu inakunywa nini."

"Nitakuja, Mzee," fundi akajibu. "Lakini kwanza nifungue, nione ndani kuna nini."

Hilo ndilo somo, wasomaji wangu, na sina haja ya kulipamba. Kabla hujamtilia mtu kile ambacho sura yake au jina lake la zamani linakuambia anastahili, fungua kwanza uone. Afande alifanya kazi maisha yake yote mahali ambapo watu hupokelewa kwa makosa yao, akatoka huko bado ana hamu ya kujua mtu ndani yake ana nini leo. Nchi yetu imejaa miili ya zamani yenye injini mpya, nasi tunaendelea kuijaza kwa mazoea, ikigonga tunalaumu injini. Haikosi kurekebishika. Mimi nimeiona ikitulia asubuhi moja tu ya baridi.

Kama mnauliza kuhusu kopo langu la oili nzito, sikulitupa. Lango la nyumba yangu lilikuwa na bawaba zinazolia hata paka akipita, nikazipaka, zikanyamaza. Kila kitu kina mahali pake. Jumapili iliyopita fundi alikuja Bugembe kuitazama Pijo ya mjane, akapitia kwangu kunisalimu, na nilishtukia tu amesimama barazani, anacheka. Lango halikunipa habari.